Huku nimekula ugali hotelini, dada soma hii mpaka mwisho

Mbukwenyi wa nyumbani, Tumsifu Yesu Kristo.

Mama shikamoo, baba shikamoo, shangazi na wewe shikamoo, wadogo zangu wote hamjambo. Mi niko salama huku Italia, baridi imeanza kupungua, bibi ninayemtunza anaendelea vizuri na mguu wake, na hela ya dawa za baba nimeshaituma kwa njia ile ile, dada ikiingia naomba unijulishe. Leo nataka niwaandikie habari za chakula, na wewe dada hasa, kwasababu tangu Jumapili nakuwaza wewe na mgahawa wako wa hapo Majengo, Dodoma, kuna kitu nimekiona nikasema hiki lazima dada yangu akijue.

Jumapili bibi alikuwa na birthday, watoto wake wakaja wote wakasema leo hakuna kupika, tunaenda kula nje, na mimi nikaambiwa nivae twende nikae nao mezani. Hatukwenda Verona mjini kule kwenye ule uwanja mkubwa wa Warumi ambako watalii wamejaa na menyu zimeandikwa kwa lugha tano, tulipanda gari tukaenda vilimani huko Valpolicella, mizabibu mtupu kulia na kushoto, tukafika kwenye nyumba ya mawe ambayo chini ni hoteli na juu wanaishi wenyewe. Wanaita trattoria, sehemu ya kula ya kawaida ya watu wa pale pale. Mama mwenye nyumba yuko jikoni, mwanae ndo weita, mke wa mwanae yuko kwenye hesabu. Menyu ni karatasi moja, imeandikwa kwa mkono, na vyakula vyenyewe havikufika hata kumi na tano vyote kwa pamoja.

Na piza hakuna! Huko nyumbani mtu akisikia chakula cha Kiitaliano anajua ni piza na tambi basi, hata mimi nilikuja najua hivyo, ila piza ni ya Napoli huko kusini, ndo kwao, na mwaka 2017 UNESCO waliuweka ufundi wa wapika piza wa Napoli kwenye orodha yao ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Ukienda Bologna wana tambi zao pana za mayai na mchuzi wa nyama wa kupikwa taratibu, ukija Verona kuna tambi nene wanaita bigoli, kuna wali wao wa mchele wa Isola della Scala, kuna gnocchi, yani madonge madogo ya viazi na unga. Kila mkoa unakula cha kwake, na hawaoni aibu kukwambia cha jirani si chetu, kakile kwa jirani. Hilo dada liweke akilini maana ndo nitalirudia.

Utaratibu wao wa kula ni mrefu jamani. Kwanza vitu vidogo vidogo vya kufungulia tumbo, alafu inakuja tambi au wali kama mlo wa kwanza, sahani inatolewa, ndo inaletwa nyama au samaki, mboga unaagiza kwa sahani yake, alafu kitamu, alafu kahawa ndani ya kikombe kidogooo unakunywa mara mbili imeisha. Tumekaa pale zaidi ya saa tatu na hakuna mtu aliyekuja kutuangalia kwa jicho la mnaondoka saa ngapi, bili hailetwi mpaka uiombe mwenyewe. Kuna euro 2 wanatoza kila mtu kwa ajili ya mkate na kukaa, imeandikwa wazi kwenye karatasi mtu asije akalalamika. Shangazi usishtuke, pale kuna mchuzi wa nyama ya farasi uliopikwa na divai masaa mengi, ni chakula cha Verona cha zamani kabisa na wanakiheshimu sana, mi nilipita pembeni.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Bibi hakuangalia hata menyu, akaagiza polenta na baccalà. Baccalà ni samaki mkavu anatoka Norway, mkavu kweli kweli ukimgonga mezani analia, wanamloweka siku kadhaa alafu wanampika moto mdogo sana zaidi ya saa nne na vitunguu, maziwa na mafuta ya zeituni, na haruhusiwi kukorogwa, sufuria inatikiswa tu ili asivunjike. Yule kijana alituhadithia kwamba kuna mfanyabiashara wa Venice, Pietro Querini, meli yake ilipotea baharini, wavuvi wa kisiwa kimoja cha Norway wakamwokoa mwaka 1432, ndo akarudi kwao na habari za huyo samaki. Wanaijua historia ya mboga yao mpaka mwaka!

Na hiyo polenta mama ni ugali. Unga wa mahindi, maji, chumvi, basi. Wao wanausaga unakuwa na chenga chenga na rangi ya njano, wanaukoroga na mwiko kwenye sufuria kubwa la shaba zaidi ya dakika 40, mwingine saa nzima, unakuwa laini kuliko wetu. Nilinyanyuka nikaenda kuchungulia jikoni, yule mama akanikaribisha. Akaumwaga wote juu ya ubao wa duara, ukatandaa taratibu, moshi unapanda, akausubiri kidogo ushikane alafu akachukua uzi, uzi wa kawaida wa kushonea, akaupitisha chini ya ugali akaunyanyua juu, kipande kikakatika safiii bila kisu. Nikamwambia kwetu tunasonga huu kila siku, akanishika mkono akaniuliza mnakula na nini, nikaanza kumuelezea mlenda, nikamwambia tunakausha majani kipindi cha mvua tunatwanga tunaweka mpaka kiangazi, tunapika na karanga. Alisikiliza kwa makini mpaka kijana wake akaja kumuita kwamba wateja wanasubiri.

Nilivyorudi mezani bibi akaanza kusimulia alivyokua. Yeye ana zaidi ya miaka 80, amezaliwa kijijini kwa watu wa kulima shamba la tajiri. Anasema polenta ilikuwa asubuhi, mchana na jioni, na mboga ilikuwa samaki mmoja wa chumvi, amefungwa na uzi ananing'inia juu ya meza, kila mtoto anagusisha kipande chake cha polenta kwa yule samaki apate harufu na chumvi, samaki haliwi, kesho anatumika tena. Wanae hawakucheka, wote walinyamaza. Na vizazi vya kabla yake ilikuwa mbaya zaidi, watu maskini wa kaskazini mwa Italia walikula mahindi peke yake bila nyama bila maharage bila maziwa, wakaugua pellagra, ngozi inababuka, tumbo linaharisha, mwisho akili inaruka na mtu anakufa. Karne mbili hivi ugonjwa ule umewatesa, na sababu ni kwamba mahindi matupu hayaupi mwili vitamini moja ya B inayotakiwa, ila wakati ule hakuna aliyejua. Watu wa Veneto, yani eneo hili lenye Verona, wengi wakapanda meli wakaenda Brazili kutafuta maisha, yani na wao walikwenda ughaibuni kama mimi nilivyo leo.

Ndo nikawaza, hawa watu wangekuwa na haki ya kukichukia hiki chakula wasitake kukiona. Badala yake wamekiweka mezani siku ya birthday, na pale kwenye karatasi imeandikwa kabisa kwamba unga ni wa mahindi ya Marano, yani aina ya mahindi inayobeba jina la kijiji chake hapo mkoa wa jirani wa Vicenza. Sahani ya polenta na yule samaki ni euro 16, piga hesabu, ni zaidi ya 40,000 za kwetu, na meza zote zilijaa, familia na watoto, wazee, vijana waliokuja na pikipiki. Na kabla ya mahindi kuja kutoka Amerika, mababu zao polenta walikuwa wanapika kwa mtama na nafaka nyingine ndogo ndogo. Mama, mtama! Ule ule wa kwetu.

Dada sasa nisikilize. Hapo Dodoma tangu serikali ilivyohamia hoteli zimekuwa nyingi, wageni wanatoka Dar, Mwanza, Arusha, wanakuja kwenye vikao, na wote wanalishwa chipsi kuku, pilau na ugali wa sembe ambavyo wameviacha kwao. Mgeni anaweza kukaa Dodoma wiki nzima akaondoka hajaonja ugali wa uwele na mlenda, na yuko katikati ya Ugogo! Akitaka lazima apate mwenyeji wa kumpeleka nyumbani kwake. Mimi hilo linaniuma. Nakumbuka shuleni tulikuwa tunaficha kwamba nyumbani tumekula uwele, tunasema tumekula wali, na kumbe uwele ndo uliotulea miaka ambayo mvua ilikatika mwezi wa pili mahindi yote yakaungua shambani, mama anajua.

Naomba ujaribu hivi. Usibadilishe kila kitu, wateja wako wa wali maharage waache wapate wali wao. Chagua siku moja, tuseme Alhamisi, pika ugali wa uwele, mlenda wa karanga wa mama, kuku wa kienyeji wachache na maziwa mgando. Andika kwenye ubao nje kwa maandishi makubwa, na uandike vimetoka wapi, uwele wa Bahi, mlenda wa Mpunguzi umetwangwa na mama mwenyewe, mafuta ya alizeti ya Singida. Usiseme tu ugali na mboga za majani, taja mahali, mtu akisoma jina la kijiji anajua hiki hakipatikani pengine. Na usipike vingi, yule mama wa Valpolicella ana vyakula vichache lakini hakuna hata kimoja kilichokuja mezani kimelala ovyo. Kingine, ugali uliobaki wao hawautupi, kesho yake wanaukata vipande wanauchoma kwenye moto mpaka ukauke juu, ndani ukiwa laini, wanaula na jibini au nyama. Kiporo cha uwele juu ya jiko la mkaa, upake mafuta kidogo, mi naamini watu watakipenda na chai asubuhi. Bei usipandishe sana, hawa wa huku nao walianza kwa kuwalisha majirani.

Mama na wewe nakuomba, usikubali kuuziwa mlenda wa paketi, twanga wako, na mfundishe dada kipimo cha magadi maana yeye huwa anazidisha na rangi inakuwa kali.

Baba, hii ni yako. Divai tuliyokunywa ilikuja kwenye jagi la nusu lita, haina lebo, ni ya mizabibu ya hapo hapo nyuma ya nyumba. Nikawaambia baba yangu ana mizabibu Mpunguzi na kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka, hawakuamini, huku ni mara moja tu, mwezi wa tisa mpaka wa kumi hivi, baridi ikija mti unalala. Nikawaambia tena kwamba mapadre wa kwao, Wapasionisti, walikuja Dodoma tangu miaka ya 1930 na pale Bihawana mizabibu imelimwa na wamisionari, bibi alifurahi sana akataka nimuonyeshe kwenye ramani. Alafu kuna kitu wanafanya, zabibu zikivunwa hawazikamui zote, nyingine wanazitandaza kwenye vichanja ndani ya nyumba yenye upepo miezi mitatu minne zinasinyaa, sukari inabaki nyingi, ndo wanatengeneza divai yao ya bei kubwa wanaita Amarone. Najua shida ya huko ni mnunuzi kuchelewa na zabibu haisubiri, nikipata nafasi nitaenda kuangalia hivyo vichanja vinavyojengwa nikupigie picha, kwa sababu hata kama si kwa divai, zabibu kavu zinauzika madukani na hazina haraka ya kuoza.

Dada nijibu haya mawili tu kwa Wasap: debe la uwele sasaivi sokoni ni shilingi ngapi, na wale kina mama wa Bahi bado wanaleta au mpaka ufuate mwenyewe. Nikishajua nitakutumia hela ya kuanzia, ya gunia moja na kuku wa mwanzo, sitaki uipunguze kwenye mtaji wa wali. Na kuna Mtanzania mwenzangu anarudi likizo mwezi wa sita, atapita Dodoma, mpeni kilo moja ya mlenda mkavu na karanga za kusaga, nimemuahidi yule mama wa jikoni nitampelekea na nitampikia mimi mwenyewe pale pale kwake.

Wasalimieni wote wa Mpunguzi na jumuiya yetu.

Mtoto wenu, Verona