Risala ya Walimu na Watumishi kwa Mgeni Rasmi katika Hafla ya Kuwapokea Walimu na Watumishi Wapya

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mgeni Rasmi;
Mheshimiwa Diwani wa Kata yetu;
Mwakilishi wa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri;
Afisa Elimu Sekondari;
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule;
Viongozi wa dini na wa serikali ya kijiji;
Wazazi, walimu, watumishi na wanafunzi;
Mabibi na mabwana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa niaba ya jumuiya ya shule hii ya wasichana ya bweni, tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha salama, na tunakushukuru wewe kwa kuupokea mwaliko wetu licha ya ratiba yako kujaa. Barabara ya kupandia huku umeiona mwenyewe, kwa hiyo hatutaisemea. Leo tuna jambo moja.

Historia yetu ni fupi. Shule hii ilianza mwaka 2006 ikiwa sekondari ya kata, wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ikiwa na madarasa mawili yaliyojengwa kwa nguvu za wananchi kwa matofali ya kuchoma. Baadaye ikapata mabweni, ikapewa kibali cha kupokea wanafunzi wa Kidato cha Tano, na leo ina wanafunzi 612 wanaolala hapa hapa.

Mafanikio ni mengi, na muda hautoshi kuyataja yote. Katika mtihani wa utamirifu tumepanda kwa kishindo kutoka nafasi ya 31 hadi ya 27 kati ya shule 33. Timu yetu ya netiboli ilikuwa ya tatu kiwilaya, katika mashindano yaliyokuwa na ushindani mkali wa timu nne. Bustani ya shule imeleta mapinduzi katika lishe, kwa kuwa wanafunzi sasa wanakula kabichi mara nne kwa wiki, ingawa wao wenyewe wana maoni yao kuhusu jambo hilo. Tunaishukuru pia Serikali kwa kufuta ada, kwanza hadi Kidato cha Nne kuanzia mwaka 2016, kisha Kidato cha Tano na cha Sita mwaka 2022. Katika fedha za mkopo wa kupambana na UVIKO-19, zilizojenga madarasa 15,000 nchini, na sisi tulipata madarasa mawili yenye vigae na madirisha ya vioo, ambayo hadi leo ndiyo tunayowapeleka wageni kupiga picha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tuwatambulishe wenye hafla yao. Mwaka huu tumepokea walimu 6 na watumishi wasio walimu 4. Walimu wawili ni wa Fizikia na Hisabati, na hapa tunaomba utuvumilie tukishangilia, kwa maana kwa miaka minne tulikuwa na nusu mwalimu wa Fizikia, tuliyekuwa tukigawana na shule ya jirani: Jumatatu na Jumanne kwetu, siku zilizobaki kwao. Wawili ni wa Baiolojia na Kemia, mmoja wa Kiingereza, na mmoja wa Jiografia ambaye pia ana cheti cha unasihi. Kwa upande wa watumishi tumepata muuguzi, fundi sanifu maabara, mpishi na matroni. Watasimama mmoja baada ya mwingine mara risala hii itakapokwisha, ili uwaone kwa sura na wao wakuone.

Tunaomba uwaangalie vizuri, Mheshimiwa, kwa sababu hii ni hafla ya tatu ya aina hii kufanyika katika ukumbi huu. Katika hafla ya kwanza tuliwapokea walimu 5, tukawapigia makofi, na wazazi wakawapa kila mmoja jogoo. Leo kati yao amebaki mmoja. Katika hafla ya pili tuliwapokea 4, na wamebaki 2. Waliondoka kwa utaratibu: wengine walisubiri miaka mitatu ikatimia wakaomba uhamisho, ambao siku hizi unaombwa kwenye mfumo mtu akiwa amekaa kitandani kwake, mmoja alikwenda likizo ya Desemba na hakurudi. Hatuwalaumu. Tulipowauliza sababu, hakuna aliyetaja mshahara, wala baridi, wala wanafunzi. Wote walitaja nyumba.

Na hapa ndipo lilipo jambo letu.

Shule hii ina walimu na watumishi 41 na nyumba 5. Walimu wengine wamepanga kijijini, umbali wa kilomita nne, ambako chumba kizuri ni kile chenye dari. Bodaboda ni shilingi 2,000 kwenda na shilingi 2,000 kurudi kwa siku ya jua. Mvua ikinyesha bei haipo, kwa sababu bodaboda haipandi mlima. Mwalimu wa zamu anayetakiwa kusimamia prepo hadi saa nne usiku hulazimika kuchagua kati ya kuwaacha wanafunzi saa moja jioni au kushuka mlima gizani na tochi ya simu. Baadhi yetu, tukiri, tumekuwa tukichagua saa moja jioni.

Mwalimu wetu mpya wa Fizikia aliripoti mwezi wa saba akiwa na begi moja, ndoo yenye mfuniko na mtungi wa gesi wa kilo sita. Alilala usiku 11 ofisini kwa Makamu Mkuu wa Shule, juu ya meza mbili zilizounganishwa, akiamka saa kumi na moja alfajiri ili meza zirudi mahali pake kabla ya paredi. Mnaoijua Julai ya huku nyanda za juu kusini mnajua alfajiri hiyo ina maana gani kwa mtu aliyetoka pwani. Alikuja akiwa anatabasamu, na bado anatabasamu, lakini wiki iliyopita alituuliza kwa upole kama kweli uhamisho hauwezi kuombwa kabla ya miaka mitatu.

Matroni, ambaye kwa kazi yake hawezi kupanga kijijini, anaishi katika iliyokuwa stoo ya magodoro mwishoni mwa bweni la pili. Chumba kina hatua nne kwa tano, na dirisha lake ni lile tundu lililokuwa la kupitishia magodoro, ambalo fundi amelipigia wavu. Ana mtoto wa miaka miwili ambaye amemwacha kwa bibi yake mkoa mwingine, kwa kuwa mtoto huyo hawezi kulelewa bwenini. Mama huyu ndiye tuliyemkabidhi watoto 612 wa watu wengine.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwezi wa nne mwaka huu, saa nane usiku, mwanafunzi wa Kidato cha Pili alibanwa na pumu. Muuguzi hatukuwa naye bado. Mwalimu wa zamu alikuwa kijijini, na simu yake ilikuwa haipatikani kwa sababu mtandao wa huku huondoka na umeme. Mlinzi alikimbia kumwamsha Mkuu wa Shule, naye akamwendesha binti huyo hadi zahanati kwa gari lake binafsi, matope yakiwa magurudumuni, mwanafunzi mwenzake akiwa amemkalisha wima kiti cha nyuma. Alipona, na yupo hapa ukumbini, ingawa hatutamsimamisha. Tunalisema jambo hili ili isije ikaonekana kwamba tunaomba nyumba kwa ajili ya starehe ya walimu.

Sasa, mtu anaweza kuuliza kama shule imekaa ikisubiri Serikali tu. Hapana. Mwaka 2017 wananchi wa vijiji vitatu walifyatua na kuchoma matofali, wakasomba mawe na mchanga kwa mikono, wakasimamisha maboma mawili ya nyumba za walimu, kila moja la familia mbili, hadi kwenye lenta. Kazi yao iliishia pale walipokubaliana na viongozi kwamba wao wangefika kwenye lenta na Halmashauri ingepaua. Wananchi walifika. Jiwe la msingi likawekwa siku ya sherehe kubwa, marumaru nyeusi yenye maandishi ya dhahabu, na Mgeni Rasmi wa siku hiyo akaahidi bati kabla ya mvua za mwaka ule. Tunamheshimu sana kiongozi huyo. Mvua zimeshanyesha misimu 8, na jiwe lile la msingi ndilo sehemu pekee ya nyumba hizo iliyokamilika.

Mwaka 2020, mwaka ambao kwa sababu zisizohitaji maelezo tulitembelewa na wageni wengi, tuliahidiwa mifuko 200 ya saruji. Ilikuja 60, nasi tunaishukuru kwa dhati, kwani ndiyo iliyosakafia jiko la wanafunzi. Wazazi nao walikuwa wamechanga mbao za paini kwa ajili ya kenchi, kwa kuwa mbao kwetu si tatizo. Tukazipanga nyuma ya jukwaa la ukumbi huu zikisubiri bati. Zilisubiri hadi zikaanza kupinda. Tulipopokea Kidato cha Tano na vitanda vikapungua, tulizikata tukatengeneza vitanda 38, na tunaomba radhi kwa wazazi ambao hatukuwaambia mapema.

Mwaka 2023 tulielekezwa kuandika andiko. Tuliandika. Tukaambiwa halina makadirio ya mhandisi; tukayatafuta. Tukaambiwa linahitaji picha, tukapiga picha. Tangu hapo kila tunapoulizia tunajibiwa kwamba liko kwenye mchakato, na sisi walimu tunaofundisha Kiswahili tumejiridhisha kwamba neno hilo halina ukomo wa wakati.

Wakati huo huo kuta zinalika. Safu mbili za juu za boma la kwanza zimeloa na kumomonyoka, na fundi ametueleza kwamba zitabomolewa na kujengwa upya kabla ya kupaua; mvua nyingine mbili, alisema, na itabidi ashuke hadi usawa wa madirisha. Katikati ya kilichokusudiwa kuwa sebule ya mwalimu umeota mpichi, bila shaka kutokana na kokwa iliyotupwa na mwanafunzi, na msimu uliopita umezaa. Wanafunzi wameipa sehemu hiyo jina la cheo cha mmoja wa wageni wetu wa zamani. Tumewakataza kulitaja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa unyenyekevu mkubwa, ombi letu ni kupauliwa kwa maboma hayo mawili. Hatuombi nyumba mpya. Hatuombi vigae wala dari. Tunaomba bati 280 za geji 28, zenye urefu wa mita tatu, pamoja na kofia na misumari yake. Mbao za kenchi wazazi wamekubali kuzitoa kwa mara ya pili, kwa hiari na kwa kibali, jambo ambalo si dogo ukikumbuka zile za kwanza zilikoishia. Mafundi wa kijijini watatoa nusu ya ufundi wao bure. Milango, madirisha, plasta na sakafu tutavifanya kidogo kidogo sisi wenyewe, hata kama mwalimu ataanza kwa kuishi chumba kimoja huku vingine vikiwa na udongo chini. Familia nne zikiingia pale, mwalimu wa zamu atalala shuleni, muuguzi atalala shuleni, na matroni ataweza kwenda kumchukua mwanawe.

Tunafahamu kwamba bajeti ya Halmashauri ina maombi mengi, na kwamba ununuzi sasa unapita kwenye mfumo na hauwezi kufanyika jukwaani. Kwa hiyo tunaomba, ukiona vema, usituahidi bati leo. Ahadi tunazo za kutosha. Zimo kwenye kitabu cha wageni, zimesainiwa, na kitabu kiko mezani pako tangu ulipoketi. Tunachoomba ni kwamba Mkurugenzi, kupitia kwa mwakilishi wake aliyepo hapa, atutajie ni robo ipi ya mwaka huu wa fedha jambo hili litawekwa, na ni ofisa yupi tumpigie simu robo hiyo ikifika. Tukipewa robo na jina la ofisa, Mwenyekiti wa Bodi atayasoma kwa wazazi katika kikao cha mwezi ujao. Na kama haiwezekani mwaka huu, tunaomba tuambiwe hivyo pia, maana wazazi watajua kama wakate mbao sasa au waiache misitu yao ikue.

Yapo mambo mengine, kama uhaba wa maji kiangazi na tanki la bwalo linalovuja, ambayo tumeyaorodhesha kwenye nakala utakayokabidhiwa. Leo hatutayasoma, ili lisije likajibiwa tanki likaachwa paa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mara baada ya utambulisho utakaribishwa chakula. Njia ya kawaida ya kwenda bwaloni inapita mbele ya madarasa mapya, lakini leo kamati imeipitisha nyuma, katikati ya maboma, na wanafunzi wamefyeka nyasi ili usiloe miguu. Ni hatua mia moja na ishirini tu. Walimu wapya watatangulia na wewe, na mpichi utauona upande wa kushoto.

Tunaomba kuwasilisha.

Imeandaliwa na Kamati ya Mapokezi, na kusomwa na Katibu wake.