Vidole havijazeeka, aibu tu ndo inatuponza

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika majuzi kwamba eti piano ni ya watoto, asiyeanza akiwa na miaka mitano sita ndo basi tena, vidole vimeshakauka na kichwa hakishiki. Ile barua nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikacheka, ya pili nikakasirika, manake ningekutana nayo miaka mitatu iliyopita ningeiamini yote na piano nisingeigusa mpaka naingia kaburini. Mimi nilianza nikiwa na miaka 54.

Alipopatia nampa haki yake. Mtoto muda anao, kichwani hana madeni, na ukitaka kuja kupiga zile kazi nzito mbele ya ukumbi umejaa basi aliyeanza mdogo atakuacha mbali sana, hilo sibishani. Lakini hivi kila anayejifunza kuogelea anatafuta medali? Wengine tunataka tu tusizame. Na kama ni mitihani, ile bodi ya Uingereza inayoitwa ABRSM ina gredi 1 mpaka 8 na haijaweka umri wa mwisho, mzee wa miaka 70 anaingia gredi ya kwanza kama kawaida.

Sasa vidole. Watu wakiiona piano wanaogopa, vibonyezo 88, vyeupe 52 na vyeusi 36, nani atavikariri vyote hivyo? Hakuna anayekariri. Ni sauti 12 tu zinajirudia kuanzia kushoto mpaka kulia. Angalia vyeusi, vimekaa kimakundi, viwili, halafu vitatu, halafu viwili tena, na kile cheupe kilichojibanza kushoto ya vile viwili ni C, wengine tunaiita Do, popote utakapokiona. Siku mwalimu alipoonyesha hivyo nilizipata Do zote nane kwa dakika moja, nikajiona profesa. Tena piano ina huruma kwa anayeanza kuliko vyombo vingi, kwenye fidla unahangaika wiki na wiki kuipata sauti yenyewe ikae sawa, ila kwenye piano iliyotuniwa vizuri hata paka akikanyaga noti inatoka safi. Kupata noti siyo shida. Shida ni uzito unaoibonyezea.

Maana hicho chombo ndivyo kilivyo tangu kinazaliwa. Mwitaliano mmoja, Bartolomeo Cristofori, karibu na mwaka 1700 alitengeneza kinanda ambacho nyuzi zinapigwa na vinyundo badala ya kukwanyuliwa kama kwenye vile vya zamani, kwahiyo ukibonyeza taratibu inanong'ona na ukibonyeza kwa nguvu inapiga kelele, na jina lenyewe pianoforte kwa Kitaliano ni taratibu na nguvu. Ndo maana anayeniuliza anunue kibodi gani namwambia asihangaike na zile zenye milio mia tano na mataa ya disko, atafute ambayo vibonyezo vyake ni vizito na sauti inafuata mkono unavyobonyeza. Mimi nilianzia kwenye kakibodi kepesi, vidole vikazoea ulegevu, nilipokaa kwenye piano ya kweli nikawa kama napapasa, nusu ya noti hazitoki kabisa.

Ila nilichotaka kusema hasa ni hiki, msomaji wetu kakosea ugonjwa. Kinachomshinda mtu mzima siyo vidole, ni sikio. Sikio langu lina miaka zaidi ya hamsini linasikiliza muziki mzuri, linajua wimbo unatakiwa uweje, mikono yenyewe wakati naanza ndo kwanza ilikuwa na wiki tatu. Mtoto akipiga vibaya anacheka na kuendelea, hata hasikii kama kaharibu, mtu mzima anasikia kila kosa na kila kosa linamchoma, anaangalia mlangoni kama kuna mtu kamsikia. Basi anafunga anaondoka, anaenda kuwaambia watu vidole vimezeeka. Uongo mtupu, aibu hiyo bwana.

Nayajua haya kwasababu yalinikuta. Miezi minne ya mwanzo nilikuwa nafanya mazoezi usiku tu nimevaa hedifoni ili mtu asinisikie, najiona mjanja, mpaka binti yangu akaniuliza asubuhi moja, baba mbona kila usiku unagonga gonga meza? Kumbe ukivaa hedifoni wewe ndo unasikia muziki, wenzio nyumbani wanasikia tu vibonyezo vinavyogonga, tk tk tk mpaka saa sita. Hedifoni nikaivua. Wiki ya kwanza nilitamani ardhi ipasuke, wiki ya pili hakuna hata mmoja aliyekuwa ananisikiliza, kila mtu na shughuli zake.

Na walimu nao wana lao. Wa kwanza kunifundisha, simtaji, alinipa kitabu kimejaa katuni za sungura halafu akaniambia kwa umri wako mzee tutajaribu tu, na kila nikikosea ananyamaza ananiachia niendelee, labda aliona nimelipa tu nipoteze muda. Wa pili binti mdogo kabisa, namzaa mara mbili, huyo hakuniachia. Ananiambia samahani mzee wangu, rudia pale, mkono wa kushoto peke yake. Narudia. Samahani mzee, tena. Mara kumi na tano kisehemu kile kile cha mapigo manne, na heshima zake zote! Huyo ndo mwalimu, sijawahi kumshukuru vya kutosha.

Alichonifundisha kikubwa ni kutenganisha mikono. Sisi wakubwa tunataka wimbo mzima leo, mikono yote miwili, na mkono wa kushoto kazi yake ni kumfuata wa kulia kama mtoto aliyeshika nguo ya mama yake sokoni, wa kulia akiharakisha na yeye anaharakisha. Kwahiyo unafundisha wa kulia peke yake mpaka uweze kupiga huku unaongea na mtu, unafundisha wa kushoto hivyo hivyo, ndo unawakutanisha, taratibu mpaka inaboa, vipigo viwili tu, halafu vinne. Na namba za vidole usizidharau, gumba ni 1 na kidole kidogo ni 5, mikono yote. Mimi nilizipuuza miezi miwili nikiamini kidole chochote kinafaa bora noti itoke, nikifika katikati ya skeli, yaani zile noti zinazopanda ngazi kwa ngazi, vidole vimeniishia hewani. Skeli ya Do mkono wa kulia ni 1 2 3, gumba linapita chini, tena 1 2 3 4 5, noti nane umemaliza. Kurekebisha nilichokizoea vibaya kulinichukua muda mrefu kuliko kujifunza upya.

Mazoezi nayo, dakika 20 kila siku zinashinda masaa matatu ya jumamosi, hapo sibahatishi, kuna mahali palinikataa usiku mpaka nikapiga ngumi kiti, asubuhi nakaa tu panapita kama siyo pale, kumbe ukilala ubongo unaendelea na kazi yake. Halafu mabega! Sisi wazee tunakaza mabega kama tumebeba gunia, kiti kiwe cha urefu ambao viwiko vinalingana na vibonyezo, na ukisikia mkono unauma acha, usijifanye mwanaume.

Kwahiyo Mhariri, kama huyo ndugu atatuandikia tena naomba umuulize kama mwenyewe amewahi kukaa kwenye piano hata mwezi mmoja au anasimulia alichosimuliwa. Wako watu wameikata ile barua wameiweka, nina rafiki yangu mmoja mstaafu alikuwa ameshaanza kutafuta mwalimu, kaniletea gazeti ananionyesha, si unaona wamesema tumechelewa. Nimemwambia aje nyumbani kesho jioni anisikilize nikipiga, na ajiandae, kuna wimbo mmoja mfupi nimekwama kisehemu cha tisa, mkono wa kushoto haujakubali bado.

Ni mimi msomaji wenu,
Mwanafunzi wa piano, miaka 57