Kuacha ngano hakutoshi kwa mgonjwa wa siliaki

Mhariri,

Binti yangu wa miaka tisa ana ugonjwa wa siliaki, ambao humfanya adhurike na gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Daktari alipotueleza kwamba tiba yake ni kuacha vyakula hivyo maisha yote, tuliondoa chapati, maandazi na mikate nyumbani tukadhani tumemaliza. Baada ya mwaka mmoja kuhara kulikuwa kumekoma, lakini viganja vyake vilikuwa vyeupe na alichoka kwa kupanda ngazi tu. Vipimo vikaonyesha kwamba ana upungufu wa damu.

Ni kweli kwamba utumbo uliodhurika huchukua muda kupona na kunyonya virutubisho ipasavyo, lakini kosa jingine lilikuwa kwenye sahani yetu. Asubuhi alikunywa chai kwa muhogo wa kuchemsha, mchana akala wali mweupe, jioni ugali wa sembe. Humo hamna gluteni, ila madini ya chuma, foleti (vitamini inayosaidia kutengeneza damu) na nyuzinyuzi ni haba, kwa kuwa mahindi ya sembe hukobolewa pumba na kiini vikaondoka. Isitoshe, unga wa ngano wa viwandani hapa Tanzania unatakiwa kisheria kuongezewa madini ya chuma, zinki, asidi ya foliki (aina ya foleti) na vitamini B12, kwa hiyo anayeuacha huachana na nyongeza hizo pia, na mahindi tunayosaga kwenye mashine za mtaani kwa kawaida hayaongezewi chochote. Biskuti za kutoka nje zisizo na gluteni nazo hazikutufaa, kwani nyingi ni wanga, sukari na mafuta, tena kwa bei ya kuumiza.

Kwa ushauri wa afisa lishe, pamoja na dawa za kuongeza damu, tumehamia kwenye dona, na uji wa asubuhi ni wa ulezi, nafaka yenye kalisi nyingi kuliko mahindi na mchele. Mboga ni maharage, mchicha na dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao, na tunamkamulia limau ili chuma kinyonywe vizuri. Chai tumeisogeza mbali na mlo kwa sababu huzuia chuma hicho. Ulezi tunauchambua punje kwa punje kwenye ungo, kisha tunaupeleka kwenye mashine isiyosaga ngano kabisa, maana vumbi linalobaki ndani ya mashine linaweza kumdhuru.

Naziomba hospitali zisimruhusu mgonjwa wa siliaki aondoke na orodha ya makatazo pekee bila kuonana na afisa lishe, na apimwe damu tena baada ya miezi kadhaa. Nao wanaofungasha unga wa lishe waandike wazi kwenye pakiti kila nafaka iliyomo, kwa kuwa baadhi huchanganya ngano, na mzazi aliyesimama dukani hana namna nyingine ya kuitambua.

Mzazi,
Morogoro