Mwanangu, ndani mwako mna chakula

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Nilifika Bagamoyo salama, ingawa basi lilikaa sana Segera na tukaingia Msata giza limeshatanda. Miguu ilivimba kidogo, sasa imepungua.

Nimekuomba kwa simu ruhusa ya kuiweka barua hii hadharani, nawe umekubali kwa sharti kwamba nisikutaje jina. Sikutaji. Nimeiandika wazi kwa sababu uliponiambia maneno yale, nilikumbuka vijana watatu wa majirani zangu hapa Dunda wanaosema vilevile.

Jumamosi ile nilipofika kwako Makorora, Tanga, hata viatu sijavua, ukaniambia, "Shangazi, ndani hamna kitu, ngoja nikachukue chipsi." Ukatoka. Mimi nikabaki na kabati lako la vyombo, nikalifungua. Niwie radhi kwa hilo, lakini mtoto wa kaka yangu ni mwanangu, na kabati lake nina haki nalo.

Nilikuta pakiti ya spageti imefunguliwa, imebaki zaidi ya nusu, imefungwa kwa mpira. Nikakuta vitunguu saumu viwili, kimoja kimeanza kuchipua. Mafuta ya alizeti yalikuwa robo chupa. Kulikuwa na kopo dogo la nyanya ambalo halijaguswa, chumvi, ndimu mbili zimeanza kunyauka, na nyuma kabisa kopo la maziwa ya unga. Nikalifungua nikidhani ni maziwa. Lilikuwa limejaa dagaa mchele, wakavu, wasafi, wale aliokufungashia mama yako mwezi wa sita.

Ukarudi na chipsi zimelowa mafuta hadi karatasi imekuwa kama kioo. Tukala. Sikusema neno, maana mimi nilikuwa mgeni na wewe ulikuwa umetoka zamu ya usiku bandarini, macho mekundu. Lakini tangu stendi ya Kange hadi naingia nyumbani kwangu, lile "hamna kitu" halikunitoka kichwani.

Nilipokupigia kukuuliza kwa nini hupiki zile spageti, ulinipa majibu mawili. La kwanza, tambi ni za futari. La pili, kupikia mtu mmoja ni kumaliza gesi bure. Nataka kuyajibu yote mawili, na la pili ndilo lililoniuma.

Kuhusu futari, nakubali, kwetu tambi tumezijua hivyo. Unazikaanga kwa samli hadi ziwe na rangi ya hudhurungi, unatia tui, sukari, iliki na zabibu kavu, na zinakaa mezani pembeni ya kaimati. Bibi yako alizipika hivyo kila Ramadhani na mimi nazipika hivyo hadi leo. Lakini tambi kavu asili yake si sinia la futari. Mwaka 1154 al-Idrisi, mwanajiografia Mwislamu aliyekuwa akifanya kazi kwa mfalme Roger wa Pili wa Sicily, kisiwa cha Italia ya leo, alimaliza kitabu chake kikubwa cha nchi na miji. Humo ametaja mahali panapoitwa Trabia, karibu na Palermo, ambapo watu walitengeneza itriya, yaani tambi za unga wa ngano, kwa wingi hata zikapakiwa vyomboni kupelekwa Calabria na nchi nyingine, za Waislamu na za Wakristo. Shehena za tambi, mwanangu, zinashushwa na makuli gatini, miaka zaidi ya 800 iliyopita. Wewe unayepanga mizigo kwenye gati la Tanga unaelewa kwa nini: kitu kikavu hakiozi, hakidai barafu, kinamngoja mwenye njaa hata miezi. Ni chakula cha mtu aliye mbali na jiko la mama yake. Ni chakula chako kabisa.

Sasa hili la kupikia mtu mmoja.

Mwishoni mwa mwaka 1997, wewe hujazaliwa, zilinyesha mvua za El Nino. Tulikuwa bado Ngamiani, barabara ya 12. Mvua ile haikuwa ya kusubiri ipite. Maji yalisimama uani hadi kwenye kizingiti, mkaa ukalowa gunia zima, na barabara za kuingia mjini zilikatika huku na huku hata magari ya mashamba yakawa hayaji. Mama yetu alikuwa amelazwa. Mimi ndiye niliyekuwa nikishinda naye mchana, na jioni moja nilirudi nimelowa chapachapa, nikakaa kitandani na nguo zangu mbichi. Baba yako akaniuliza nimekula nini. Nikamwambia sina hamu, na hata hivyo ndani hamna kitu.

Unaona? Maneno yaleyale.

Baba yako hakubishana nami. Alikuwa na miaka 20. Aliwasha koroboi, akavuta mbuzi ya kukunia nazi, akaikalia mbele ya jiko la mafuta ya taa. Akamimina dagaa kwenye ungo akaanza kuwachambua, mmoja mmoja, kichwa na tumbo kwa ukucha wa kidole gumba, vichwa akiviweka kwenye kipande cha gazeti kwa ajili ya paka. Nilimtazama tu. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na kivuli chake kilijaa ukuta mzima. Akachemsha tambi, zile ambazo mama alikuwa ameziweka kwa ajili ya mfungo. Akakata vitunguu saumu vyembamba hata unaona mwanga wa koroboi upande wa pili. Harufu ya kitunguu saumu ilipoanza kupanda, ile harufu ya mafuta ya taa na nguo mbichi ikaondoka chumbani. Dagaa walipokauka kwenye kikaango walikuwa wakilia kama changarawe.

Yeye alikuwa ameshakula kwa rafiki yake Chumbageni. Sahani ile aliipika kwa ajili ya mtu mmoja. Alinisogezea sinia akasema, "Kula, mama akirudi akukute una mwili." Na mama alirudi, baada ya siku tisa.

Baba yako alitangulia ukiwa na miaka sita, Mungu amrehemu. Hakupata muda wa kukufundisha pishi hili, basi limekaa kwangu kama amana. Ninakukabidhi leo, pamoja na yale machache niliyoyaongeza katika miaka 31 ya kufundisha sayansi kimu.

Bandika maji lita moja. Usijaze sufuria. Maji yakiwa machache yanabaki mazito kwa wanga wa tambi, na maji hayo utayahitaji. Yakichemka kwa nguvu, tia chumvi kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa. Kuna watu wanafundisha kwamba maji ya tambi yawe na chumvi kama ya bahari. Usiwafuate. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi katika lita moja, chakula hicho hakiliki. Kwa kawaida gramu 10 kwa lita zinatosha, na wewe utapunguza zaidi kwa sababu dagaa nao wana chumvi yao.

Pakiti ya gramu 500 igawe mafungu manne. Vitabu vinasema gramu 100 kwa mtu, lakini havikumhesabu mtu aliyebeba mizigo usiku kucha. Kama sufuria ni fupi, zivunje mara moja katikati. Mama alizivunja, na wala sioni kosa. Zikoroge dakika ya kwanza zisishikane, na usitie mafuta ndani ya maji. Mafuta yataelea juu, na ukichuja yatazipaka tambi utelezi hata rojo lisishike.

Wakati huo kikaango kiwe tayari. Hapa tulia, maana ndipo watu wanapoharibu. Mafuta vijiko vinne vya chakula, na vitunguu saumu vinaingia mafuta yakiwa bado baridi. Punje nne, zimekatwa nyembamba, hazikupondwa. Moto mdogo. Vitaanza kutoa povu pembeni, kisha kingo zitageuka rangi ya dhahabu. Ukiona dhahabu, chukua hatua hapohapo, usingoje hudhurungi, kwa sababu kitunguu saumu kilichoungua kinatia uchungu chakula chote na hakuna ndimu itakayouondoa. Vitoe uviweke pembeni. Ndani ya mafuta yaleyale watie dagaa waliochambuliwa, konzi moja, uliowaosha kwa maji ya vuguvugu na kuwakausha kwa kitambaa. Wakiingia na maji, mafuta yataruka na wao hawatakauka. Wageuze hadi usikie ule mlio niliokuambia. Watu wa kusini mwa Italia wana pishi lao la tambi na samaki wadogo wa chumvi, na samaki hao ni ukoo mmoja na dagaa mchele wetu. Kwa hiyo usidhani baba yako alibahatisha. Alifika palepale walipofika wao, kwa njaa ya kwake.

Wasogeze dagaa upande mmoja, tia kijiko kimoja cha nyanya ya kopo katikati ya mafuta. Ikaange. Nyanya ya kopo ikitiwa maji mapema inabaki na ukakasi wa bati, lakini ukiikaanga hadi iwe nyekundu ya kukolea na mafuta yajitenge, inakuwa tamu. Kipande cha pilipili mbuzi kiingie sasa, ukipenda. Kisha rudisha vitunguu saumu.

Onja tambi. Vunja moja utazame katikati. Ukiona kinukta cheupe kama ncha ya sindano, ndio wakati wake: zitoe, usimwage maji yote, na tafadhali usizisuuze. Kuzisuuza ni kuutupa ule wanga unaoshikisha rojo. Zitupe kikaangoni, tia kikombe nusu cha maji yake, kuza moto, geuza kwa nguvu dakika moja. Utaona mafuta na maji vikiacha kugombana, rojo likiwa zito na kung'aa, likizivaa tambi. Zima moto. Kamulia ndimu.

Ukiwa na mchicha, mtie mwishoni. Siku ya mshahara tumia tui badala ya yale maji. Mengine utayagundua mwenyewe.

Na gesi, kwa kuwa uliitaja. Mwaka 2022 gesi ilipopanda bei Ulaya, Mtaliano mmoja, Giorgio Parisi, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2021, aliwakumbusha watu wake kwamba maji yakishachemka na tambi zikishaingia, unaweza kufunika na kuzima moto, joto lililobaki likamaliza kazi. Baadhi ya wapishi wa kwao walimjia juu. Mimi nimejaribu mara tatu kwenye mtungi wangu wa kilo 6: naziacha zichemke dakika mbili, nafunika, nazima, nangoja muda ulioandikwa kwenye pakiti na kuongeza dakika moja. Spageti nyembamba zinaiva vizuri. Zile nene zilibaki na kiini, kwa hizo acha moto mdogo. Ila mfuniko lazima ubane sawasawa, mvuke ukitoroka umepoteza joto.

Kwa hiyo tangu kubandika maji hadi kukaa chini kula ni kama dakika 25, kama dagaa umeshawachambua. Wachambue siku ya mapumziko, kopo zima, ukisikiliza mpira. Usiku ukirudi umechoka kazi hiyo itakuwa imekwisha. Muda wote wa kwenda kwa muuza chipsi na kusimama kwenye foleni yake haupungui hapo kwa mengi.

Tambi hizo zile kwenye sahani, umekaa. Usizile kwenye sufuria umesimama mlangoni.

Nimeona pia kwamba sufuria yako ndogo haina mfuniko, unaifunika kwa sahani. Nimekununulia mmoja hapa sokoni, nimeupima kwa ile sufuria yangu inayofanana na yako. Nimeufunga kwenye boksi pamoja na ndimu kumi na pilipili kavu, na nimeshaukabidhi kwa wakala wa basi la asubuhi. Utafika Kange kesho kwenye saa tisa alasiri. Kaupokee kabla hujaingia zamu. Jina lako nimeliandika juu ya boksi kwa wino mwekundu.

Shangazi yako,
Bagamoyo