Mto na msitu vichunguzwe pamoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wakuu wa idara za sayansi vyuoni.

Binti niliyemfundisha Biolojia, ambaye sasa yuko mwaka wa mwisho chuoni, alipeleka mada ya utafiti: kereng'ende wa vijito vinavyoshuka kutoka vilima vya Pugu kuingia Mto Msimbazi. Akaambiwa achague. Akitaka maji, aishie ukingoni. Akitaka wadudu wa msituni, ya mtoni ayaache. Alinipigia simu akiwa amevunjika moyo: "Mwalimu, sasa huyu kereng'ende nimgawe vipi?"

Hagawiki. Mayai yake hutagwa majini, na mtoto wake hukulia humo humo akila viluwiluwi na mabuu ya mbu. Akikomaa hupanda tete, anang'ang'ania, mgongo unapasuka, anatoka mdudu mwenye mbawa laini zilizokunjamana. Wanafunzi wangu nimewahi kuwapa lile gamba tupu walishike. Ukilichungulia kwa ndani unaona nyuzi nyembamba nyeupe, ambazo ni utando wa mirija aliyokuwa akipitishia hewa. Mwenye gamba wakati huo yuko juu ya miti anawinda, na ndege na buibui wanamwinda yeye. Kwa hiyo mto unaulisha msitu. Msitu nao huulisha mto: majani yanayodondoka kijitoni ndiyo chakula cha wadudu wengi wa majini. Miti ikikatwa Pugu, maji hupata joto na tope, na huku chini Jangwani, bondeni mwa Msimbazi, tunayaona matokeo kwa mafuriko kila masika.

Nchi yetu ina ushahidi wa kutosha. Chura wa Kihansi, mdogo kama ukucha wa kidole gumba, aliishi kwenye eneo la hekta chache tu kando ya maporomoko ya Mto Kihansi, akitegemea manyunyu yake. Bwawa la umeme lilipochepusha sehemu kubwa ya maji, manyunyu yakapungua, na baadaye vyura wakakutwa na ugonjwa wa kuvu wa ngozi. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini. Amebaki duniani kwa sababu mwaka 2000 vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani kutunzwa, na mwaka 2010 baadhi ya uzao wao ukarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kazi ile ilihitaji mhandisi wa maji, daktari wa mifugo, mtaalamu wa mimea na wa vyura wakae meza moja. Nasikitika kwamba meza hiyo iliwekwa bwawa likiwa limeshajengwa.

Ziwa Victoria ni hivyo hivyo. Sangara alipopandikizwa miaka ya 1950 na kuendelea, akawamaliza furu wengi, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa. Lakini furu hukaushwa juani. Sangara ana mafuta, lazima moshi, na moshi ni kuni. Miti ya pwani ya ziwa ikakatwa kwa sababu ya samaki! Mtaalamu wa uvuvi peke yake angehesabu samaki tu, na wa misitu angehesabu visiki asijue vimetokana na nini.

Ombi langu ni dogo. Mwanafunzi mwenye mada kama hii apewe wasimamizi wawili, kila mmoja kutoka idara yake, na alama zake zisipungue kwa hilo. Na Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, Wakala wa Huduma za Misitu na watu wa uvuvi wachague vituo vichache kuanzia Pugu hadi Daraja la Salenda, Msimbazi unapoingia baharini, wapime maji, wadudu, ndege na miti siku moja, mahali pamoja, kisha takwimu ziwe wazi hata kwa shule. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wako tayari kushika nyavu na kuandika.

Binti anatakiwa kurudisha mada yake muhula huu. Nawaomba wahusika waiangalie upya kabla hajaibadilisha.

Mwalimu wa Biolojia,
Gongo la Mboto, Dar es Salaam