Kabla ya bei ya kamera, ulizeni picha ni ya nini

Ndugu Mhariri,

Vijana wanaoanza kazi ya picha hapa Mbeya huulizia kwanza bei ya kamera. Picha ya inchi 4 kwa 6, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, haimalizi hata megapikseli 3, yaani nukta milioni 3. Simu ya kawaida inazo, na chenji inabaki.

Anayekwenda kupiga picha nguzo za asili za Isimila, kule Iringa, aamue kwanza: anataka urefu wake, au mikwaruzo iliyoachwa na mmomonyoko? Urefu unadai mtu asimame chini ya nguzo ili jicho lipate kipimo. Mikwaruzo inadai jua la pembeni, asubuhi au alasiri. Saa sita mchana vivuli vimekwisha, na hata lenzi ya mamilioni italeta ukuta bapa.

Ukungu nao huponza wengi. Kipimo cha mwanga cha kamera hudhani kila kitu ni kijivu, hivyo huufanya ukungu mweupe uwe mweusi zaidi, na mlima Loleza hutoka kama umemwagiwa majivu. Ongeza mwangaza hatua moja, yaani mara mbili. Kwenye simu nyingi unagusa skrini, kisha unavuta alama ya jua kwenda juu. Bure kabisa.

Tusidanganyane, vifaa vina mahali pake. Kwenye harusi ya usiku ukumbini, lenzi ya f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa) hupitisha mwanga karibu mara nne ya f/3.5, hivyo kasi ya shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, inapanda kutoka sekunde 1/15 hadi 1/60 na maharusi wanaotembea taratibu hawatoki wamevurugika. Mwenye akiba anunue lenzi hiyo kabla ya kubadili kamera.

Wapiga picha,
Mbeya