Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Hali ya Mabango ya Sinema Tunayoyahifadhi

Ndugu wanachama,

Hesabu zitasomwa na mweka hazina, na ada haijabadilika, kwa hiyo sitakaa huko. Kazi kubwa ya kamati mwaka huu ilikuwa kukagua mabango ya kumbi za sinema za Marekani yaliyo mikononi mwetu. Mabango ya karatasi ya miaka ya 1940 hadi 1960, ambayo ndiyo tunayoyahofia, yanaendelea vizuri. Yanayoharibika ni ya vinaili ya miaka ya 1990.

Tatizo linaanzia kwenye dhana kwamba kitu kilichotengenezwa kitundikwe nje hakihitaji kutunzwa. Bango la vinaili lilikusudiwa kukaa juu ya mlango wa ukumbi kwa wiki chache tu. PVC, yaani plastiki ambayo vinaili hutengenezwa kwayo, kwa asili yake ni ngumu. Hulainishwa kwa kemikali za kimafuta ambazo hazishikamani nayo moja kwa moja, na taratibu huhama kuja juu. Hapo bango huanza kunata na kukamata vumbi, na likikunjwa uso kwa uso, wino wa upande mmoja huhamia upande wa pili. Likishapoteza ulaini hupasuka kwenye mikunjo, na ulaini huo haurudishwi.

Kulisafisha, litandazwe mezani lifutwe kwa kitambaa laini chenye maji na tone la sabuni isiyo kali, kisha maji matupu, likauke kivulini. Spiriti, thina na petroli ni marufuku: huyeyusha wino na kunyonya kilainishi kilichobaki. Baada ya hapo lizungushwe, picha ikitazama nje, kwenye bomba la karatasi ngumu lenye kipenyo kisichopungua sentimita 10 (15 ni bora) na lililozidi upana wa bango pande zote mbili. Picha ikitazama ndani, tabaka la wino hubanwa na kufanya makunyanzi. Kila mzunguko utenganishwe kwa karatasi yenye silikoni au karatasi angavu ya poliesta. Mifuko ya plastiki ya kawaida hufyonza kilainishi, na gazeti hugandana na uso wa bango. Lifungwe kwa utepe mpana wa pamba, si mpira, kisha lilazwe.

Kuhusu kutundika: bango la futi 4 kwa 8, lenye uzito wa gramu 440 kwa mita ya mraba, lina kilo 1.3 hivi. Likining'inizwa kwa pete mbili tu za pembeni, zile za chuma zinazozunguka matundu ya ukingoni, matundu hutanuka na ukingo huchanika. Tumieni pete zote za juu, au bora zaidi ufito wa mbao unaobana upana wote.

Wanachama wa pwani wameuliza kuhusu wadudu. Bango la kitambaa huweza kufungwa vizuri kwenye mfuko na kugandishwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki nzima. La vinaili lisiguswe na friza, kwa sababu baridi huikakamaza na ikikunjuliwa hupasuka. Walio Amerika Kaskazini wanaopokea vifurushi wakati wa theluji waviache ndani ya nyumba siku nzima kabla ya kufungua. Subira ya siku moja ni nafuu kuliko bango lililokatika katikati.

Kwa ya karatasi, yale ya inchi 24 kwa 82, nina machache: msibandue selotepu kwa mkono, na msiyaweke mahali penye mwanga wa jua, hasa yenye wino wa fluoresenti, wa rangi kali zinazong'aa, maana huo ndio hufifia kwanza. Uadimu wake una sababu. Kampuni ya National Screen Service, iliyoanza kusambaza matangazo ya studio kubwa mwaka 1940, ilikuwa ikiyakodisha, na kwenye mengi iliandikwa kwamba yarudishwe baada ya maonyesho. Kwenye mabango ya kawaida ya inchi 27 kwa 41 mtaona namba pembeni chini: mwaka, mkwaju (/), kisha namba ya filamu. Herufi R mbele yake inaonyesha filamu iliyorudishwa kumbini. Bango refu likikosa namba hiyo, msiliite bandia kwa sababu hiyo pekee.

Bandia ichunguzwe kwa lenzi inayokuza mara 10. Uchapaji wa skrini, yaani wa kupitisha wino kwenye wavu, huacha rangi nzito isiyo na nukta kwenye maeneo yaliyojaa, na ukingo wake unaonekana. Ofseti, uchapaji wa mashine unaotumika kwa vitabu na magazeti, huonyesha nukta zilizojipanga mithili ya waridi. Nukta ndogo zilizotawanyika ovyo ni za printa ya kurusha wino, na bango linalodaiwa kuwa la mwaka 1955 haliwezi kuwa nazo.

Kamati imeamua kwamba anayeuza au kubadilishana bango ndani ya chama atoe picha ya mbele, ya nyuma, ya pembe zote nne na moja iliyopigwa kupitia lenzi, pamoja na vipimo kwa inchi. Bila hizo, tangazo lake halitapita.